Mkavu wa Macho

9 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Huku tunapumua, na anayepumua hana deni na Mungu. Za huko? Mguu wa shemeji yako umepona, ila sasa amezoea kuketi, na kumwinua kitini ni kazi kuliko kumuuguza. Tanuri la kiwandani limebomoka upande mmoja. Tajiri hataki kusikia habari ya matofali mapya, kwa hiyo mikate ya kushoto inaiva na ya kulia inasinzia, na mimi ndiye ninayepita kuigeuza. Ukinusa karatasi hii utasikia hamira, maana naandikia juu ya meza ya kukandia.

Uliposema tuendelee na barua kwa sababu kwenye simu tunakatiana, nilicheka peke yangu. Ni kweli. Nikisikia kimya chako nakijaza maneno, na nikikijaza maneno unakata. Kwenye karatasi huwezi kunikata. Lakini mbona mwandiko wako umekuwa vile? Herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, mistari inapanda kilima. Wewe uliyekuwa ukipewa zawadi shuleni kwa mwandiko! Au ndiyo ukubwa, siku hizi unaniandikia huku umesimama?

Na lile doa lililotawanya wino pale ulipomtaja mama, nililiona. Nilimwonyesha binti yangu nikamwambia, tazama, mama yako mdogo amelia. Nilifurahi, nisikufiche.

Sasa jambo lenyewe. Binti anaolewa. Ni yule yule fundi umeme uliyemwona kwenye msiba wa mama, yule mrefu anayeinama kila mlango hata unaompita kimo. Harusi ni mwisho wa Agosti. Tulipomwambia aende dukani kuchagua gauni alitujibu, "Gauni langu lina fundi wake tangu niko darasa la kwanza." Umesahau? Ulimwahidi, ukamshonea kwanza la mwanasesere wake ili ajue husemi uongo. Mwanasesere yuko hapa mpaka leo, hana mkono mmoja, lakini kavaa. Kitambaa nimekituma na vipimo vyake vimo ndani. Nataka kirudi kikiwa gauni, nawe ndiye utakayelibeba.

Chumba cha mama ni chako. Mengine ya siku ile ya msiba tusiyafukue.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Mwanangu anaolewa! Nimeutembeza mstari huo karakana nzima, mpaka fundi mkuu akaniambia nikae chini kabla sijawaalika na wateja. Mwambie mwanasesere amsalimie. Mpe shemeji pole ya kiti.

Kitambaa kimefika. Nilikilaza mezani nikakipapasa kwa muda mrefu. Kinateleza vizuri, umechagua vyema kuliko nilivyotegemea kwa mtu ambaye hajui kushona kifungo.

Sisi huku tumehamishiwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Cherehani zimepangwa safu mbili, taa ndefu nyeupe zinawaka kuanzia tunaingia hadi tunatoka, na mwezi uliopita wametuwekea kiyoyozi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi kimenikalia juu ya kichwa sawasawa, kinanipulizia usoni kutwa, nimejifunga mtandio hadi puani na wameanza kuniita Bibi Harusi. Basi nimekumbuka kiwanda chenu. Unakumbuka ile sufuria ya maji mnayoitia ndani ya tanuri ili mkate usipasuke? Ulikuwa ukifungua mlango, mvuke unatupiga usoni, mama anapiga kelele tusogee, na mimi nasogea mbele zaidi. Huo mvuke, Dada. Nautamani kama mtu anavyotamani maji. Nikifumba macho nauona, na siku hizi nafumba mara nyingi.

Doa lilikuwa chai. Mwandiko ni kalamu mbovu. Kuhusu kuja, tutaona, Agosti bado iko mbali.

Sindano

8 Aprili

Sindano,

Wazima tuko, wagonjwa hatuna, wavivu tunao na unawajua.

Barua yako iliniacha njiani. Nilikuuliza habari ya gauni ukanijibu habari ya sufuria. Nilikuuliza utakuja lini ukaniambia Agosti iko mbali, kana kwamba sina kalenda ukutani. Mwenda pole hajikwai, sawa, lakini wewe hujatoka hata mlangoni. Binti anauliza mikono itakuwa mirefu au mifupi, mgongoni vifungo au zipu. Mimi namwambia mama mdogo yuko mbioni. Nimeshamwambia hivyo mpaka neno lenyewe limechakaa.

Kuna jambo jingine. Yule mpangaji mwenzetu wa zamani, mwenye kikohozi, alipita huko mwezi jana. Anasema alikuona barabarani, umevaa miwani nyeusi na siku yenyewe ina mawingu, ukampita karibu mkono kwa mkono bila hata kutikisa kichwa. Amerudi anasema umekuwa mtu wa kuringa. Nilimkatalia mbele ya watu, nikamwambia mdogo wangu si wa hivyo. Mdomoni nilimkatalia. Moyoni nilibaki na swali, na ndilo ninalokuletea.

Kuna nini?

Dada yako

30 Aprili

Dada, shikamoo.

Wote nawasalimu. Gauni sitaweza. Sababu ni macho makavu. Usiniulize zaidi kwa sasa, na mwanangu umweleze taratibu. Nisamehe kwa ufupi, leo hata kalamu inanishinda.

Sindano

9 Mei

Sindano,

Salamu zipo, utazikuta mwishoni.

Kumbe ni hilo! Macho makavu! Mwaka na ushei umelibeba neno langu kifuani, ukalilisha, ukalivisha, leo umepata pa kulirudishia. Haya, limefika.

Ndiyo, nilisema. Sikatai. Siku tunamzika mama, kila mtu analia, hata yule mwenye nyumba aliyemdai mama kodi mpaka kitandani analia, wewe umesimama pale na uso kama ukuta uliopakwa chokaa. Chozi hata la dawa halikutoka. Mimi nimevunjika, nimeshikiliwa huku na huku, nikainua kichwa nikakuona. Nikasema, na walionishika wakasikia: "Huyu ni mkavu wa macho, hata kwa mama mzazi." Na wewe ulisikia. Alfajiri nikakuta kitanda kimetandikwa, chai hujanywa, umeondoka.

Ungeniuliza, Sindano. Ungenitukana. Mimi na wewe tumetukanana tangu tukiwa tunalala kitanda kimoja, tulikuwa tunatukanana kisha tunagombania blanketi. Lakini kumwadhibu mtoto kwa neno la mama yake, hapana. Amelia juzi kutwa, akaficha mwanasesere kabatini.

Kirudishe kitambaa. Mafundi wamejaa mjini.

Salamu: wote wazima.

Dada yako mwenye mdomo

2 Julai

Dada, shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa muda wote nilionyamaza.

Mwanangu hajambo? Tanuri limejengwa? Niandikie hata habari ya kikohozi cha mpangaji, nitaisoma. Huku wameniondoa chini ya kiyoyozi baada ya kuomba sana, sasa nakaa kwenye kona ya stoo, kati ya marobota ya vitambaa, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Barua hii ni ndefu. Nimeiandika vipande vipande, usishangae wino kubadilika.

Niliposoma barua yako nilicheka kwanza, kicheko kibaya. Dada, sikukurudishia neno lako. Ni ugonjwa. Ndivyo unavyoitwa. Nilikwenda kwa daktari wa macho, mama mmoja mwenye vidole vya baridi. Alinichomekea vijikaratasi kwenye kope za chini, akaniambia nifumbe, tusubiri machozi yavilowanishe. Alipovitoa vilikuwa kama alivyoviweka. Akavitazama, akanitazama, akasema, "Una macho makavu." Nikamwambia, "Daktari, hata wewe wamekuambia?" Hakunielewa, masikini. Akaendelea kuandika.

Anasema tezi za machozi zimechoka. Dawa ya kumaliza hakuna, ipo ya kutuliza. Hata mate yamepungua, mkate siku hizi naumeza kwa maji, tafadhali tajiri wako asisikie.

Ulitaka kujua kuna nini. Asubuhi nikiamka sifungui macho. Kope zimegandana, na nikizifungua kwa pupa ni kama kubandua plasta penye kidonda. Nalala kwanza nikisikiliza majirani, nachukua kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, nakiweka juu, nasubiri. Hapo ndipo siku yangu inapoanza, na kuna siku nyingine inaanza vizuri mpaka najidanganya nimepona. Kisha unakuja mchanga. Nimeutafuta kwenye kioo, haupo, lakini kila nikipepesa unakwaruza. Mwanga wa zile taa nyeupe unaingia kama kelele. Upepo wa feni, vumbi la pamba, moshi wa jirani, vyote vinanijua kwa jina. Na kushona, Dada! Nilikuwa sijui kwamba mtu akitunga uzi kwenye sindano hapepesi. Nyinyi mnashona mkisahau kope zenu. Mimi za kwangu sizisahau hata dakika. Wanasema macho hayana pazia. Ya kwangu ndiyo yanalihitaji kuliko dirisha lolote.

Kinachochosha zaidi ni kwamba hayaonyeshi. Mwenye mguu mbovu ana fimbo. Mimi naambiwa, "Mbona macho yako mazuri tu?" Yakiwa mekundu wananiuliza nimekunywa nini. Mchana nikizidiwa natoka naketi kwenye ngazi nimefumba, na wenzangu wanapita kwa kunyata wakidhani nasali. Nimepata sifa ya ucha Mungu ambayo siistahili kabisa. Wakati mwingine nachoka mpaka nakasirika na mtu aliyeniuliza saa ngapi.

Mpangaji mwenzenu anisamehe. Siku ile nilikuwa nimefumba macho nyuma ya miwani, nafuata ukuta kwa mkono. Hata angekuwa mama mwenyewe ningempita.

Na mwandiko ndio huo. Naandika nimefumba, rula iko chini ya mkono inanishikia mstari, na rula inateleza. Na doa halikuwa chai. Ile dawa ya matone wauzaji wanaiita machozi. Unasikia? Naingia dukani nasema nipe machozi, naulizwa chupa kubwa au ndogo. Siku naandika jina la mama tone lilinidondoka kabla halijafika jichoni. Wewe ukafurahi, ukamwonyesha mtoto. Nikaona bora niseme chai kuliko nikubali sifa ya chozi ambalo si langu.

Sasa siku ile. Dada, nililia. Sijui wenye lugha wanakuitaje kulia kusikotoka kitu. Kifua kilikwenda, macho yaliwaka kama yamepakwa pilipili, na mimi nangoja chozi lije lizime, halikuja. Wakati ule sikujua kama ni ugonjwa. Ndipo nikasikia sauti yako. Sikukasirika. Ningekasirika ningekujibu, unanijua. Niliamini. Nilisema dada hasemi uongo, kama ameona ukavu basi ukavu upo, na mtu gani huyu asiyeweza kumlilia mama yake? Ndiyo maana nilitoka alfajiri. Sikuweza kunywa chai na watu wenye macho yaliyovimba.

Huku nilijaribu hata vitunguu. Nilikata kapu zima, jirani akadhani nafungua mgahawa. Vinachoma tu, havitoi.

Sijamlilia mama, Dada. Namtamani, na natamani kumlilia, na siku nyingine sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kinachoniuma. Natamani kulala kwenye kile chumba chake. Lakini nikiifikiria harusi naona watu walewale wakinitazama usoni, wakitafuta kama safari hii limetoka.

Kitambaa sijakirudisha.

Sindano

11 Julai

Sindano wa mama,

Tanuri limejengwa. Tajiri alisalimu amri baada ya mkate mmoja wa kulia kumvunja jino mteja. Shemeji yako amesimama, ameshika nyundo, nitakueleza.

Barua yako nilisomewa na binti, maana miwani yangu ilishikwa na ukungu. Tuliisoma mara moja tukafunga mlango, tukaisoma tena. Madoa utakayoyaona kwenye karatasi hii ni maziwa. Nilikuwa na kikombe karibu.

Umenieleza mambo ya tezi, sikuyaelewa sana. Lakini nilipofika kazini nikatazama unga. Unajua unga ukiachwa wazi unafanyaje: juu unaota ngozi, ngozi inakauka, inapasuka, ndani unataka kuumuka na hauwezi. Kila siku ya maisha yangu naufunika kwa kitambaa kibichi. Wakija vibarua wapya ndilo somo la kwanza ninalowapa, na asiyelishika namfukuza. Unga naulinda, mdogo wangu mwenyewe nikamwacha wazi kwenye upepo. Nilikaa juu ya gunia nikashindwa kukanda. Nimekutumia kitambaa kimoja. Ni kilekile alichokuwa akitumia mama, pamba tupu, kimelainika kwa kufuliwa.

Lile neno nililisema mbele za watu. Nikaona nikilifuta chumbani peke yangu halitafutika. Wale wote walionishika siku ile wananunua mkate kwangu. Basi asubuhi, foleni imejaa, nikagonga kaunta nikasema: "Sikilizeni. Siku ya msiba nilimsema mdogo wangu vibaya. Yule ni mgonjwa." Mmoja akauliza, "Ana nini?" Nikasema, "Macho makavu." Sindano, wakaangua kicheko wote! Wakadhani nakusema tena! Ikabidi nianze upya na vijikaratasi vya daktari, mikate inaungua nyuma yangu. Mpaka namaliza hakuna aliyecheka. Yule mpangaji alikuwepo. Alikohoa, akanunua mikate ambayo hali, akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki.

Sasa nyundo. Shemeji yako ameng'oa feni chumbani kwa mama. Kitanda tumekitoa dirishani. Pazia ni zito, taa ni ndogo ya manjano, na sufuria ya maji nimeiomba kazini kwa ajili ya mvuke. Bwana harusi ndiye aliyebadilisha taa. Aliinama.

Binti anasema gauni lisipokuwepo atavaa la mwanasesere, akuaibishe. Anasema lakini bila wewe hatoki chumbani, na ana kichwa kigumu, wala usiulize amekirithi kwa nani.

Mama alikuwa na usemi wake kuhusu sisi wawili, unaukumbuka? "Mkubwa analia kwa mdomo, mdogo analia kwa mabega." Usiku au mchana, akitaka kujua kama unalia alikuwa hakutazami usoni, anakuwekea kiganja mgongoni. Siku ile mimi nilikutazama uso tu.

Njoo twende kwake wawili. Machozi ninayo mengi, yatatutosha. Mimi nitatoa ya macho, wewe toa yako ulivyozoea, kiganja changu kitakuwepo.

Dada yako

24 Julai

Dada, shikamoo.

Wenzangu wa karakana wanakusalimu, wamekupenda kwa hadithi ya foleni. Kitambaa cha mama kimefika. Nilikilowesha maji ya moto, nikakiweka machoni, kikatoa harufu ya hamira. Nililala nacho hadi kikapoa, nikakipasha tena.

Nikuambie ukweli wa gauni. Ulipoandika kirudishe, siku ileile nilichukua mkasi nikakikata kitambaa cha gauni, kwa hasira, ili kisirudishike. Tangu hapo nashona asubuhi zile zinazoanza vizuri, kule stooni, taa imezimwa, vidole vinaongoza kitambaa chini ya cherehani na macho nayafungua pale tu inapobidi. Kuna mahali nilifumua mara nyingi. Mikono ni mirefu. Mgongoni ni vifungo.

Vifungo sijavishona. Hivyo vinataka jicho lisilopepesa, na la kwangu halipo. Utavishona wewe, kwa huo mkono wako wa kukandia, na mimi nitakaa nyuma yako napapasa kila kimoja na kukukosoa. Anza kufanya mazoezi kwenye shati la shemeji.

Nimepewa ruhusa hadi Septemba. Nafika Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Stendi simameni upande wenye ukuta, ule mwingine una upepo. Nitakuwa na miwani nyeusi. Usiivue ukitafuta kitu, Dada, hutakikuta. Weka kiganja mgongoni.

Na doa hili hapa chini ni la dawa. Uliandika kwamba siku ile halikutoka hata la dawa. Haya, hilo hapo. Nimeliandikia jina la mama, mpelekee.

Sindano